Tarehe za hiari kwenye hoja za SQL: mwongozo kamili, kuanzia fomu hadi ripoti

Karibu kila mfumo wa ripoti una visanduku viwili juu ya ukurasa: "Kuanzia" na "Hadi". Mtumiaji akivijaza vyote, kazi ni nyepesi. Tabu huanza akijaza kimoja, au akiviacha vyote wazi na kubonyeza "Tafuta". Hapo utakuta mifumo inayorudisha ukurasa mtupu, mingine inamwaga kila kitu tangu ilipoanzishwa, na mingine inatoa jumla iliyo karibu na ukweli lakini siyo yenyewe. Hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, maana hakuna anayeishtukia mpaka mkaguzi aje.

Tuchukue mfumo wa SACCOS. Wanachama wanatuma michango ya mwezi kwa simu, wengi wao siku ya mwisho, tena usiku. Mhasibu anataka kujua nani kachanga, kiasi gani, na nani bado. Hoja (maagizo ya kuulizia data, kwa Kiingereza "query") zitaandikwa kwa hifadhidata ya PostgreSQL na upande wa programu kwa Python. Pale MySQL au SQL Server inapofanya tofauti nitasema.

```sql
CREATE TABLE michango (
  id             bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  mwanachama_id  bigint NOT NULL REFERENCES wanachama (id),
  kiasi          numeric(12,2) NOT NULL,
  muda_wa_malipo timestamptz NOT NULL
);

CREATE INDEX michango_muda ON michango (muda_wa_malipo);
```

Safu (column) ya `muda_wa_malipo` inabeba tarehe pamoja na saa. Jambo hilo dogo ndilo chanzo cha nusu ya matatizo tutakayoyaona.

Hatua ya 1: Amua kisanduku kitupu kina maana gani

Kabla ya kugusa SQL, kaa na mwenye mfumo mkubaliane. Hali ziko nne: zote mbili zimejazwa, ya kuanzia peke yake, ya mwisho peke yake, na hakuna hata moja. Hali mbili za katikati kwa kawaida hazina ubishi: "kuanzia 1 Machi" ni kuanzia hapo hadi sasa, na "hadi 31 Machi" ni tangu mwanzo wa kumbukumbu hadi hapo.

Ubishi uko kwenye ile ya nne. Je, visanduku viwili vitupu vinamaanisha "nipe vyote", au "nipe mwezi huu"? Kwa orodha fupi, vyote ni sawa. Kwa jedwali lenye mamilioni ya malipo, kuleta vyote ni kuitesa seva na kumchosha mhasibu aliyetaka kuona ya jana tu. Mimi hupendelea fomu ifunguke ikiwa tayari imejazwa mwezi unaoendelea, au mwaka wa fedha wa chama husika, halafu mtumiaji akifuta tarehe kwa mkono wake ndipo tuamini kwamba kweli anataka vyote. Kwa njia hiyo kanuni inabaki moja, tupu maana yake hakuna mpaka upande huo, na hoja yako haihitaji kujua lolote kuhusu mwezi unaoendelea.

Mkubaliane pia itakuwaje tarehe zikigeuzwa, yaani ya kuanzia ikiwa mbele ya ile ya mwisho. Wapo wanaozibadilisha kimyakimya. Usifanye hivyo. Huenda mtu amekosea mwaka, na wewe umempa ripoti ya kipindi ambacho hakukiomba. Mwambie amekosea.

Hatua ya 2: Safisha tarehe kabla hazijafika kwenye hifadhidata

Kisanduku kilichoachwa wazi hakifiki kwenye seva kama NULL, yaani alama ya hifadhidata kwamba thamani haipo. Kinafika kama neno tupu, `''`, na hivyo ni vitu viwili tofauti. PostgreSQL itakataa kuligeuza neno tupu kuwa tarehe na kukupa kosa. MySQL isipokuwa kwenye hali kali inaweza kulipokea kama `0000-00-00`, na Oracle inalihesabu kuwa NULL. Usiiachie hifadhidata iamue. Geuza neno tupu kuwa `None` mapema, sehemu moja tu.

Sehemu hiyohiyo ndiyo ya kusoma mpangilio wa tarehe. Kwetu 03/04/2025 ni tarehe tatu Aprili, kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi, na zote mbili ni tarehe halali, kwa hiyo hakuna kosa litakalojitokeza kukuonya. Kisanduku cha HTML cha aina ya `date` humwonyesha mtumiaji mpangilio wa kwao lakini hutuma `2025-04-03` siku zote. Kitumie, na usipokee mpangilio mwingine.

```python
from datetime import date, datetime, time, timedelta
from zoneinfo import ZoneInfo

SAA_ZA_HAPA = ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam")

def soma_tarehe(neno):
    neno = (neno or "").strip()
    return date.fromisoformat(neno) if neno else None

def tafuta_mipaka(kuanzia, hadi):
    if kuanzia and hadi and kuanzia > hadi:
        raise ValueError("Tarehe ya kuanzia iko mbele ya tarehe ya mwisho.")

    mwanzo = ukomo = None
    if kuanzia:
        mwanzo = datetime.combine(kuanzia, time.min, SAA_ZA_HAPA)
    if hadi:
        ukomo = datetime.combine(hadi + timedelta(days=1), time.min, SAA_ZA_HAPA)
    return mwanzo, ukomo
```

Ona majina yamebadilika njiani. `kuanzia` na `hadi` ni tarehe alizoandika mtu. `mwanzo` na `ukomo` ni nyakati kamili ambazo hifadhidata itazilinganisha. Kuyatenganisha kunakuepusha na kuongeza siku moja mara mbili, kosa linalotokea kirahisi sana kama jina moja linatumika kwa vitu vyote viwili. Na hiyo siku moja inayoongezwa ndiyo habari ya hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Funga mwanzo, acha ukomo wazi

Wengi tulifundishwa `BETWEEN`:

```sql
WHERE muda_wa_malipo BETWEEN '2025-01-01' AND '2025-01-31'
```

Inasomeka vizuri, lakini kwa safu yenye saa ndani yake inakosea. `'2025-01-31'` isiyo na saa inachukuliwa kuwa saa sita kamili usiku, pale siku ya tarehe 31 inapoanza. Malipo yote ya tarehe 31 baada ya dakika hiyo yanabaki nje. Kwenye SACCOS yetu, hiyo ndiyo siku wanachama wengi wanayolipa.

Dawa ya mitaani ni kuandika `'2025-01-31 23:59:59'`. Inapunguza tatizo bila kulimaliza, kwa kuwa PostgreSQL hutunza hadi sehemu ya milioni ya sekunde, na malipo ya 23:59:59.5 yanaanguka kwenye ufa. Ukisema basi niongeze `.999`, kwenye SQL Server aina ya `datetime` haitunzi kila milisekunde, `23:59:59.999` inakadiriwa kuwa saa sita usiku ya siku inayofuata, na sasa unaokota malipo ya Februari.

Njia isiyo na ufa ni hii:

```sql
WHERE muda_wa_malipo >= :mwanzo
  AND muda_wa_malipo <  :ukomo
```

Mwanzo umo ndani, ukomo hauimo, na ukomo ni saa sita usiku ya siku inayofuata ile aliyoandika mtumiaji. Ripoti ya Januari inaishia pale hasa ya Februari inapoanzia, na hakuna malipo yanayohesabiwa mara mbili wala kuachwa. Kama safu yako ni ya aina ya `date` tupu, isiyo na saa, `BETWEEN` haina ubaya. Mimi naandika hivi hata hapo, kwa sababu siku moja mtu ataibadilisha ile safu iwe na saa bila kukuambia.

Epuka pia kuifunga safu ndani ya kitendakazi (function), kama `DATE(muda_wa_malipo) >= :kuanzia`. Jibu linaweza kuwa sahihi, ila faharasa (index, ile `michango_muda` inayoharakisha utafutaji) uliyoiweka juu ya `muda_wa_malipo` haitumiki tena. Hifadhidata itapitia safumlalo (row) moja baada ya nyingine ikikokotoa tarehe ya kila moja. Badilisha kigezo, uiache safu ilivyo.

Hatua ya 4: Kumbuka siku inaanza saa ngapi, na wapi

Seva nyingi zimewekwa UTC, yaani saa za kimataifa za marejeo. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa tatu mbele, mwaka mzima bila kubadilika. Mwanachama akilipa saa saba na nusu usiku wa kuamkia 1 Machi, kwa UTC bado ni 28 Februari, 22:30. Ukikata siku kwa saa za seva, mchango wake wa Machi unaingia Februari, na mwezi wa Machi anaonekana mdaiwa. Nenda kamweleze habari za UTC.

Ndiyo maana `tafuta_mipaka` hapo juu inaunda saa sita usiku ya Dar es Salaam, wala si ya seva. Ukipenda kuifanya kazi hiyo ndani ya PostgreSQL yenyewe:

```sql
WHERE muda_wa_malipo >= CAST(:kuanzia AS timestamp)
                        AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam'
  AND muda_wa_malipo <  (CAST(:hadi AS date) + 1)::timestamp
                        AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam'
```

Tumia jina la eneo badala ya kuandika `+03`. Mfumo ukivuka kwenda Kigali au Bujumbura, saa zinarudi nyuma moja. Kongo ina kanda mbili, na mtu wa Lubumbashi hana saa moja na wa Kinshasa. Jina la eneo linabeba tofauti hizo zote bila wewe kuzikumbuka.

Hatua ya 5: Fanya sharti liwe la hiari

Hapa kuna njia kuu mbili, na nyingine moja inayopendwa ambayo nakushauri uiache.

Ya kwanza ni hoja moja isiyobadilika:

```sql
SELECT id, mwanachama_id, kiasi, muda_wa_malipo
FROM michango
WHERE (CAST(:mwanzo AS timestamptz) IS NULL OR muda_wa_malipo >= :mwanzo)
  AND (CAST(:ukomo  AS timestamptz) IS NULL OR muda_wa_malipo <  :ukomo)
ORDER BY muda_wa_malipo;
```

Kigezo kikiwa NULL, upande wa kushoto wa `OR` unakuwa kweli na sharti linapita bila kuzuia chochote. Mabano ni lazima. Ukiyasahau, `AND` inatangulia `OR` na utapata matokeo ya ajabu. `CAST` nayo haipo kwa mapambo. Bila hiyo, PostgreSQL inaweza kukurudishia `could not determine data type of parameter $1`, kwa kuwa ukiuliza tu "hiki ni NULL?" haina pa kujua kitu hicho ni cha aina gani.

Njia ya pili ni kuijenga hoja kulingana na kilichojazwa:

```python
masharti, vigezo = [], {}

if mwanzo is not None:
    masharti.append("muda_wa_malipo >= %(mwanzo)s")
    vigezo["mwanzo"] = mwanzo
if ukomo is not None:
    masharti.append("muda_wa_malipo < %(ukomo)s")
    vigezo["ukomo"] = ukomo

hoja = "SELECT id, mwanachama_id, kiasi, muda_wa_malipo FROM michango"
if masharti:
    hoja += " WHERE " + " AND ".join(masharti)
hoja += " ORDER BY muda_wa_malipo"

kishale.execute(hoja, vigezo)
```

Kinachounganishwa ni vipande ulivyoviandika wewe. Thamani za mtumiaji zinapita kwenye `vigezo` peke yake, hazichanganywi na maandishi ya hoja hata siku moja, hata kama "ni tarehe tu". Ukimkuta mwenzako ameanza na `WHERE 1 = 1` ili kila sharti liweze kuanza na `AND`, usimcheke; haipunguzi kasi, ni suala la macho tu.

Ipi uchague? Kwa jedwali dogo, au ripoti inayoendeshwa mara moja kwa siku, ya kwanza inatosha na inasomeka kirahisi. Jedwali likiwa kubwa, au vigezo vya hiari vikizidi vitatu (tawi, hali ya malipo, namba ya mwanachama), nenda na ya pili.

Sababu yake ni mpango wa utekelezaji. Hifadhidata hupanga jinsi ya kuijibu hoja kabla ya kuijibu, na mara nyingi hutunza mpango huo iutumie tena. Mpango wa hoja ya kwanza inabidi ufae kwa hali zote nne, ya siku moja na ya miaka kumi. SQL Server hutengeneza mpango kwa kuangalia thamani za mara ya kwanza, kisha hung'ang'ania huohuo. Aliyetangulia asubuhi akiacha visanduku wazi, wanaofuata wote wanapata mpango wa kusoma jedwali zima. Huko tiba ni kuongeza `OPTION (RECOMPILE)` mwishoni mwa hoja. PostgreSQL, kwa hoja iliyoandaliwa (prepared statement), hupanga upya mara tano za mwanzo, kisha huanza kupima kama mpango wa jumla unafaa. Ukiona hoja inaenda haraka mara kadhaa halafu inazubaa ghafla bila data kubadilika, shuku hapo kwanza. Kuanzia toleo la 12 unaweza kuweka `plan_cache_mode = force_custom_plan`. Vyovyote iwavyo, endesha `EXPLAIN`, amri inayokuonyesha mpango huo, kwa hali zote nne, ukianza na ya siku moja, uone kama jina `michango_muda` linatokea.

Ninayokushauri uiache ni hii:

```sql
WHERE muda_wa_malipo >= COALESCE(:mwanzo, muda_wa_malipo)
```

Inapendeza kwa ufupi wake: kigezo kikikosekana, safu inalinganishwa na yenyewe. Lakini kwa safu inayoruhusu NULL, NULL kulinganishwa na NULL si kweli wala si uongo, na safumlalo hiyo inatupwa. Chukua jedwali la mikopo lenye safu ya tarehe ya kuidhinishwa. Mikopo isiyoidhinishwa bado haina tarehe hiyo, kwa hiyo mtumiaji anayeacha visanduku wazi akitaka kuona yote hataiona hata mmoja. Kwenye PostgreSQL, kama ni lazima utumie `COALESCE` kwenye safu isiyo na NULL, weka `'-infinity'` na `'infinity'` upande wa pili. Aina za tarehe zinazikubali.

Hatua ya 6: Angalia sharti limekaa wapi kwenye LEFT JOIN

Sasa mhasibu anataka wanachama wote, pamoja na wale ambao hawakuchanga kabisa kipindi hicho. Hoja ya kwanza inayomjia mtu kichwani ni `LEFT JOIN`, inayounganisha majedwali mawili ikibakiza kila mwanachama hata asiye na mchango, kisha sharti la tarehe kwenye `WHERE`. Akiijaribu na visanduku vitupu, inafanya kazi vizuri. Wasiochanga wanaonekana na sifuri yao. Akiweka tarehe, wanatoweka. Kwa mwanachama asiye na mchango `muda_wa_malipo` ni NULL, na NULL haiwezi kuwa kubwa kuliko tarehe yoyote.

Kosa hili linajificha nyuma ya uhiari wenyewe: jaribio la haraka lisilo na tarehe linapita, na mtumiaji wa kwanza mwenye tarehe anapata orodha ya wadaiwa isiyo na wadaiwa. Peleka masharti kwenye `ON`:

```sql
SELECT w.id, w.jina, COALESCE(SUM(m.kiasi), 0) AS jumla
FROM wanachama w
LEFT JOIN michango m
  ON  m.mwanachama_id = w.id
  AND (CAST(:mwanzo AS timestamptz) IS NULL OR m.muda_wa_malipo >= :mwanzo)
  AND (CAST(:ukomo  AS timestamptz) IS NULL OR m.muda_wa_malipo <  :ukomo)
GROUP BY w.id, w.jina
ORDER BY jumla, w.jina;
```

Hatua ya 7: Vitu vyenye mwanzo na mwisho wake

Mchango hutokea mara moja. Mkopo unaishi: unaanza siku moja, unaisha nyingine, na unaoendelea hauna tarehe ya kuisha. Swali "mikopo iliyokuwa hai kati ya tarehe hizi" linataka masharti yapishane, yaani mwanzo wa mkopo ulinganishwe na mwisho wa kipindi, na mwisho wa mkopo na mwanzo wa kipindi. Hapa safu zote mbili ni `date`, hivyo `<=` inafaa.

```sql
SELECT id, mwanachama_id, ulianza, uliisha
FROM mikopo
WHERE (CAST(:hadi AS date) IS NULL OR ulianza <= :hadi)
  AND (CAST(:kuanzia AS date) IS NULL
       OR uliisha IS NULL
       OR uliisha >= :kuanzia);
```

NULL ziko za aina mbili humu, usizichanganye. `:kuanzia` ikiwa NULL, mtumiaji hakuuliza. `uliisha` ikiwa NULL, mkopo bado haujaisha.

Hatua ya 8: Jaribu kwenye kingo

Malipo ya katikati ya mwezi hayatakuonyesha kosa lolote. Ingiza haya matatu:

```sql
INSERT INTO michango (mwanachama_id, kiasi, muda_wa_malipo) VALUES
  (1, 5000,  '2025-01-01 00:30:00+03'),
  (1, 7000,  '2025-01-31 23:59:59.5+03'),
  (1, 11000, '2025-02-01 00:00:00+03');
```

Omba Januari peke yake, 1 hadi 31, kwenye jedwali lisilo na malipo mengine. Jibu ni 12,000. Ukipata 18,000, malipo ya kwanza yameangukia Disemba na ya Februari yameingia Januari, basi rudi kwenye saa za eneo. Ukipata 5,000 umepoteza usiku wa mwisho. Ukipata 23,000, ukomo wako umefungwa badala ya kuachwa wazi. Nimechagua viasi hivi ili kila kosa liwe na jumla yake na ulitambue bila kutazama safumlalo moja moja.

Kisha rudia ukiwa na "Kuanzia" peke yake, "Hadi" peke yake, na bila chochote. Kwa data halisi kuna kipimo kingine cha bei rahisi: jumla ya kila mwezi wa mwaka mmoja, ukizijumlisha zote kumi na mbili, lazima ilingane na jumla ya mwaka mzima ulioombwa kwa mkupuo. Zikipishana hata kwa shilingi, kuna ufa mahali fulani.

Kilichobaki ni kichwa cha ripoti. Usichapishe alichoandika mtumiaji. Chapisha kipindi ambacho mfumo umekielewa. "Michango yote", "Michango kuanzia 1 Machi 2025", "Michango hadi mwisho wa siku ya 31 Machi 2025", na pale zote mbili zilipo, "Michango ya 1 hadi 31 Machi 2025, saa za Afrika Mashariki". Karatasi hiyo itakapoletwa kwenye mkutano mkuu miezi sita baadaye, hakuna atakayekumbuka kisanduku kipi kilikuwa kimeachwa wazi.